Wiki Moja Barabarani: Jinsi ya Kupanga Pesa za Safari Kutoka Todonyang Hadi Nairobi na Kurudi

Likizo ya Desemba ikikaribia, maswali ya watoto huwa yale yale. Tutaenda wapi? Jirani ameenda Nairobi, sisi je? Mzazi naye ana maswali yake, na mara nyingi huyasema kimoyomoyo: nikitoa pesa ya safari, duka litabaki na nini? Na karo ya Januari?

Katika somo hili tutapiga hesabu hiyo pamoja, hatua kwa hatua. Tumechagua njia ndefu makusudi: kuanzia Todonyang, pale mpakani na Ethiopia, hadi Nairobi kwenye mabembea na masoko ya jumla, halafu kurudi nyumbani, yote ndani ya siku saba. Ukiweza kupanga safari hii, ya Lodwar hadi Kitale au Kakuma hadi Eldoret itakuwa rahisi. Na kama mfuko hauruhusu kufika Nairobi mwaka huu, usiondoke. Karibu na mwisho kuna mpango wa wiki ya hapa hapa Turkana.

Mfano wetu

Tuchukue familia ya watu wanne. Mama anauza samaki wakavu na ana kiduka kidogo cha nguo na vyombo. Baba ni mvuvi. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 10 na mwingine 13. Wanataka mambo mawili: watoto waone mji na wacheze, na mama anunue bidhaa za duka kwa bei ya jumla badala ya kuzinunua Lodwar zikiwa zimeshapita mikono mitatu.

Ni wazo zuri, lakini hapo ndipo hatari ilipo. Pesa ya kucheza na pesa ya biashara zikikaa kwenye laini moja, bila mpaka kati yao, ya biashara ndiyo huliwa kwanza. Mtoto akitaka kupanda bembea mara ya tatu, simu haimwambii mama kwamba hiyo shilingi 500 ilikuwa sehemu ya dazeni ya sahani. Salio ni moja tu. Familia inarudi na picha nzuri kwenye simu, na duka linakaa wiki sita bila bidhaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na safari ni mali pia.

Hatua ya 1: Tenganisha mtaji na safari

Kabla ya kuhesabu nauli, amua kiasi ambacho hakitaguswa. Kwa familia yetu, mtaji wa duka ni shilingi 20,000. Hizi si akiba ya safari, ni pesa inayozunguka dukani, na zinakwenda Nairobi kwa kazi moja tu, kununua bidhaa. Ziweke mahali pake: akaunti ya akiba ndani ya simu, akaunti ya chama, au laini ya pili iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Bora zisikae kwenye salio unalolipia chai.

Fanya hivyo hivyo na karo. Kama karo ya Januari imeshapatikana, ilipe mapema moja kwa moja kwa namba ya malipo ya shule kisha usafiri ukiwa mwepesi. Karo iliyolipwa haiwezi kukukonyeza ukiwa Gikomba.

Hatua ya 2: Gawa bajeti kwa mafungu manne

Hii hapa bajeti ya mfano, mbali na ule mtaji wa 20,000:

- Usafiri, kwenda na kurudi: 32,000
- Kulala na chakula: 15,000
- Michezo na viingilio: 6,000
- Dharura: 7,000

Jumla ni shilingi 60,000. Nauli hupanda wakati wa sikukuu, kwa hivyo ulizia stejini kabla ya kuandika yako. Tarakimu zetu ni za kukufundishia tu. Badilisha kila moja, lakini usifute fungu lolote, hasa lile la mwisho.

Ukigawa 60,000 kwa wiki 16, unapata 3,750 kwa wiki. Ukianza mwanzoni mwa Agosti, unamaliza mwisho wa Novemba. Wiki ya samaki wengi weka 5,000, wiki ya upepo mbaya ziwani weka 2,000, bora ifikapo mwisho wa kila mwezi uwe umefikisha 15,000. Kama baada ya miezi miwili una 18,000 badala ya 30,000, safari haijafa. Punguza umbali: badala ya Nairobi, ishie Kitale au Eldoret. Kosa kubwa ni kusubiri Desemba halafu kujaza pengo kwa mkopo wa simu. Mkopo wa papo hapo una kazi yake, kwa mfano mgonjwa akihitaji kufikishwa hospitali usiku. Bembea si dharura, na deni la bembea utalilipa Januari, mwezi wenye mahitaji mengi kuliko yote.

Hatua ya 3: Ijue njia, siku kwa siku

Siku ya kwanza, Todonyang hadi Lodwar. Njia ya kando ya ziwa inapita Lowarengak, Nariokotome, Kataboi na Kalokol. Kutoka Kalokol hadi Lodwar ni kama kilomita 60. Kabla ya kuondoka, uliza hali ya usalama kwa chifu, kwa polisi au kwa watu wa misheni. Mpaka huu umeshuhudia mashambulizi, kama yale ya Mei 2011 na Februari 2025, na wakazi wanajua uchungu wake kuliko sisi. Ukiambiwa subiri siku mbili, subiri. Ndiyo maana hatushauri kulipa vyumba vya njia nzima mapema pale ambapo pesa hairudishwi.

Siku ya pili, Lodwar hadi Kitale. Ni kama kilomita 300, kupitia Lokichar, Kainuk, Marich, Ortum na Makutano. Safiri mchana. Panda gari la kampuni inayojulikana, na uondoke asubuhi mapema.

Siku ya tatu, Kitale hadi Nairobi, kupitia Eldoret na Nakuru. Ni karibu kilomita 380, safari ya siku nzima.

Siku ya nne, makumbusho na michezo Nairobi.

Siku ya tano, masoko kuanzia asubuhi, kisha basi la usiku kwenda Kitale.

Siku ya sita, Kitale hadi Lodwar, tena mchana.

Siku ya saba, Lodwar hadi Todonyang.

Ukihesabu vizuri, utaona unalipa malazi usiku tano tu, kwa sababu usiku mmoja unalala kwenye basi. Kwa shilingi 1,400 kwa usiku ni 7,000. Inabaki 8,000 ya chakula, yaani kidogo zaidi ya 1,100 kwa siku kwa watu wanne. Ni ya kubana, ndiyo. Kama una shangazi Kitale au binamu Nairobi, huu ndio wakati wa kumpigia simu. Mpelekee samaki wakavu, na ile 1,400 ya chumba iingie kwenye fungu la chakula.

Wenye gari lao wana hesabu nyingine. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo ukipanga kuondoka karibu na tarehe hiyo, subiri tangazo ndipo upige hesabu ya tanki. Wanaosafiri kwa matatu nao wakumbuke kwamba kila kushuka njiani ni nauli mpya. Ukishuka Eldoret kuangalia duka, usitarajie gari la kwanza likungoje.

Hatua ya 4: Michezo isiyomaliza pesa

Watoto wengi wakisema Nairobi, wanamaanisha gurudumu kubwa lililoko Two Rivers, Barabara ya Limuru, jumba la maduka lililofunguliwa Februari 2017. Sehemu kama hizi huuza mchezo mmoja mmoja au kwa kadi unayoijaza pesa. Kadi ni tamu lakini ina mtego. Salio likibaki ndani ya kadi, mara nyingi halirudi kwenye simu yako. Uliza bei ya kila mchezo kwanza, mwambie kila mtoto ana michezo mingapi, halafu ujaze kiasi hicho tu. Ukimpa mtoto wa miaka 13 bajeti yake aipange mwenyewe, umemfundisha somo ambalo halina ada.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla ya bembea, wapeleke Makumbusho ya Taifa. Kule kuna mifupa ya mtu wanayemjua kwa jina: Kijana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa kwenye kikosi cha Richard Leakey. Yaligunduliwa wapi? Nariokotome, pale pale mlipopita siku ya kwanza. Mtoto wa kando ya ziwa akisimama mbele ya kioo kile, ataona wageni kutoka dunia nzima wamekuja kutazama kitu kilichotoka kwao. Tunadhani kiingilio hicho kina thamani kuliko bembea tano.

Wanaopenda wanyama wana Nairobi Safari Walk, karibu na lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hapa kuna jambo la malipo la kuzingatia. Viingilio vya hifadhi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kidijitali kupitia eCitizen, si kwa noti langoni. Namba ya Paybill ya huduma za serikali ni 222222. Mtu akikusimamisha nje ya lango akakwambia tuma kwa namba yangu nikuingize haraka, huyo hauzi tiketi. Fungua akaunti yako ya eCitizen ukiwa bado Lodwar, ambako una muda na mtandao, sio langoni huku watoto wakilia.

Kama mko na gari na nguvu, njiani kuna mengine ya bei nafuu. Kapenguria, karibu na Makutano, kuna makumbusho mahali ambapo Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kuanzia Desemba 1952 na kuhukumiwa Aprili 1953. Baada ya hukumu, Kenyatta alifungwa Lokitaung hadi 1959, kisha akawekwa Lodwar hadi 1961. Yaani mtoto wa Turkana Kaskazini anaweza kufuata barabara hii kama kitabu cha historia, kutoka gerezani hadi mahakamani, wazazi wakilipa nauli ambayo wangelipa hata hivyo.

Hatua ya 5: Manunuzi ya bei ya jumla

Nchi nyingine zina vijiji vizima vya maduka ya bei ya kiwandani. Sisi tuna Gikomba kwa mitumba, Kamukunji kwa vyombo na Eastleigh kwa nguo mpya na vitambaa. Njiani Eldoret kuna kiwanda cha nguo cha Rivatex, cha Chuo Kikuu cha Moi, kilichofunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kukarabatiwa. Limuru kuna kiwanda cha viatu cha Bata. Piga simu kwanza uulize kama wanauza rejareja siku utakayopita.

Sheria ni hizi. Kwanza, andika orodha ukiwa nyumbani, kulingana na kile wateja wako walichoulizia mwezi uliopita, si kulingana na kinachong'aa Gikomba. Pili, fika asubuhi. Tatu, kila bei uliyoambiwa, jumlisha gharama ya kuifikisha Todonyang. Sahani ya shilingi 60 ikisafirishwa kwa shilingi 15 ni sahani ya 75. Kama Lodwar inauzwa 80, faida yako ni shilingi 5, na ikivunjika moja kwa kila kumi na mbili, hiyo faida imekwisha. Bidhaa nyepesi zisizovunjika, kama leso, nguo za watoto na sandali, mara nyingi zinalipa zaidi.

Nne, lipa kwa Till kila unapoweza. Hebu tuone kwa nini. Tuseme ada ya kutoa shilingi 20,000 kwa wakala ni 185, na ada ya kutuma 20,000 kwa namba ya mtu ni 105. Ukilipa kwa Till, mnunuzi hakatwi chochote. Zaidi ya hiyo 185, umeepuka kutembea na 20,000 mfukoni katikati ya msongamano, na umebaki na ujumbe wenye jina la duka, tarehe na saa. Ujumbe huo ndio daftari lako, kwa hivyo usiufute mpaka uufikishe nyumbani.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Muuzaji akisema duka linaitwa hivi na simu ikaonyesha jina lingine kabisa, simama uulize. Hakuna haraka sokoni ambayo ni yako. Haraka ni ya anayetaka usisome.

Hatua ya 6: Panga mahali pa kutoa pesa

Hili ndilo kosa tunaloliona sana kwa wasafiri. Wanatoa 1,000 hapa, 1,000 pale, kila wanaposhuka. Tuseme ada ya kutoa 1,000 ni shilingi 29, na ya kutoa 8,000 kwa mara moja ni 115. Ukitoa 1,000 mara nane umelipa 232. Tofauti ni 117, hiyo ni chai na mandazi ya watu wanne. Hizi ni tarakimu za mfano. Ada ya siku hiyo iangalie kwenye menyu ya simu yako. Kumbuka pia sehemu ya ada hizi ni ushuru wa serikali, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 15 ya ada.

Lakini usitoe zote. Kanuni yetu ni kubeba taslimu ya siku moja na nusu. Leo ukitumia 4,000, beba 6,000. Ukiibiwa, umepoteza siku moja na nusu, si safari nzima.

Wapi pa kutoa? Todonyang na Lowarengak mawakala ni wachache, na wakala mdogo anaweza kuwa na floti kwenye simu lakini droo iko tupu. Mwambie siku moja kabla kwamba kesho utahitaji 6,000. Lodwar na Kitale ndizo sehemu nzuri za kujipanga, kwa sababu mawakala ni wengi na hufungua mapema. Kati ya miji, usitegemee. Kuna vipande vya barabara ambako mtandao ni hafifu, na hata huduma isiyohitaji intaneti inahitaji mnara. Nauli na chakula cha sehemu hizo viwe mkononi kabla gari halijaondoka.

Jambo moja la watu wa mpakani: ukiwa Todonyang, simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo. Muamala unaweza kugoma, na kredo ikaliwa na gharama za nje. Ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuacha simu ichague. Muamala ukikwama, usirudie papo hapo. Angalia salio kwanza. Wengi wamelipa nauli mara mbili kwa sababu ujumbe ulichelewa dakika kumi.

Na usisahau kitambulisho halisi. Wakala hatakupa pesa kwa picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu, na vizuizi vya polisi njiani navyo vitakiulizia.

Kwa wateja wetu wa Kakuma na Kalobeyei walio wakimbizi, hati ya kwanza ya safari ni kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kiombe mapema, na usilipe nauli ya familia nzima kabla hujakishika mkononi. Tena, kibali hakiuzwi kwa ujumbe wa simu. Anayekuomba utume pesa kwa namba binafsi ili akuharakishie, mkatalie.

Hatua ya 7: Gawaneni simu, na linda PIN

Simu moja ikibeba safari nzima, ikianguka kwenye choo cha stendi, safari imeanguka nayo. Familia yetu ya mfano ifanye hivi: mama abebe fungu la chakula na michezo kwenye laini yake, na mtaji ukae kwenye akaunti yake ya akiba. Baba abebe fungu la usafiri na ile dharura ya 7,000. Nauli ya kurudi iwe imeshatengwa tangu siku ya kwanza. Wakikaa hoteli wakashauriana kuila nauli hiyo, angalau itabidi wawili wakubaliane.

PIN ni ya mtu mmoja. Hata mtoto anayejua simu kuliko wewe asiijue. Wafanyakazi wetu hawatakupigia kukuuliza PIN, si leo wala kesho. Wakati wa likizo jihadhari na hadithi tatu hasa:

- "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Angalia salio lako, si ujumbe. Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Kama limeongezeka kweli, mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja.
- "Chumba kimebaki kimoja, tuma nusu sasa." Picha nzuri mtandaoni si chumba. Piga simu, uliza jina la mtaa na Till ya hoteli. Kama wana namba ya mtu binafsi tu, tafuta kwingine au lipa ukifika.
- "Nisaidie simu nipige mara moja." Stejini, piga wewe mwenyewe hiyo namba, uweke spika, simu ibaki mkononi mwako.

Ukipoteza simu, azima nyingine mara moja upigie huduma kwa wateja wafunge laini. Pesa zako ziko kwenye akaunti, si ndani ya kile kifaa. Laini ikirudishwa kwa kitambulisho chako, salio litakuwepo.

Kama Nairobi ni mbali mwaka huu

Wiki ya hapa nyumbani si ya kuonea haya. Panga hivi: siku mbili Lodwar, mkapande kilima chenye sanamu ya Yesu na kuona mahali Kenyatta alipowekwa. Siku mbili Eliye Springs, chemchemi na mchanga kando ya ziwa. Siku mbili Kalokol, ambako boti huondoka kwenda Kisiwa cha Kati chenye maziwa ya kreta na mamba. Kisiwa hicho ni sehemu ya hifadhi za Ziwa Turkana zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Siku ya saba ni ya manunuzi Lodwar, au Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, ambako soko la wenyeji na wakimbizi lina bidhaa za nchi nyingi. Kwa boti, mkusanyike familia mbili au tatu, mkubaliane bei ya boti nzima na sio ya kila kichwa, na mtu mmoja apokee michango na kulipa mara moja. Ada inakuwa moja, na mabishano yanapungua.

Zoezi la leo

Chukua karatasi, au daftari la mtoto, ujibu maswali haya matano:

1. Ni kiasi gani cha biashara na karo ambacho hakitaguswa, na kinakaa wapi?
2. Mafungu yangu manne ni kiasi gani kila moja?
3. Nikigawa jumla kwa wiki zilizobaki, napata ngapi kwa wiki? Je, naiweza hata wiki mbaya?
4. Nitatoa taslimu katika miji gani miwili, na kiasi gani?
5. Nani anabeba nauli ya kurudi?

Kama swali la tatu limekupa tarakimu ya kutisha, usiifiche. Ni afadhali ikutishe leo ukiwa nyumbani kuliko ikukute stendi ya Kitale, watoto wamelala juu ya mizigo. Punguza siku, punguza umbali, au sogeza safari hadi likizo ya Aprili. Nairobi haihami.

Ukishamaliza, weka ile pesa ya kwanza leo leo, hata kama ni shilingi 200. Haba na haba hujaza kibaba, na safari ya Desemba huanza na wiki ya kwanza ya kuweka akiba. Tunakutakia safari njema, na urudi ukikuta duka limejaa.